Watasema na Mwiba wa Sato

Sogeza kiti, wewe uliyepangiwa kazi mkoani Mara juzi na buti zako bado zinang'aa. Na wewe usiye mtumishi wa mifugo, ila una mbwa nyumbani au unapita njia yenye mbwa, sogea pia, nafasi ipo. Nitaeleza polepole. Mstaafu hana basi la kuwahi.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwachoma mbwa sindano ya kuzuia kichaa. Nimewachanja wa Musoma mjini, wa Bunda, wa Butiama, na wengine waliokuwa wakihama kati ya miji hiyo kwa miguu yao bila kumuaga mtu. Kwenye barua ya ajira niliitwa afisa mifugo. Mitaani niliitwa Mama Mbwa. Siku ya kwanza nilipolisikia jina hilo nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia mume wangu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ni Baba Mbwa?" Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo sikununa tena.

Leo nataka niwaeleze habari za mkono wa Mama Bwire wa Nyasho, Musoma mjini. Mama huyu hakung'atwa na mbwa, na hilo ndilo lililotaka kumwua. Mtu aliyeng'atwa huona damu, akapiga kelele, watu wakamkimbiza hospitali. Mama Bwire hakuwa na alama ya jino hata moja ya kumwonyesha mtu, na bado kifo kilikuwa kimekwisha kumgusa vidoleni.

Mama Bwire ni mpara samaki. Unanunua sato wako gengeni, unampelekea, anapara magamba, anatoa utumbo, anakukatia vipande unavyotaka na kukupa habari za mtaa bure. Chini ya meza yake aliishi mbwa wa rangi ya udongo aliyeitwa Watasema.

Kama umetoka mbali, jina hilo linaweza kukushangaza. Huku kwetu mtu akiwa na neno asiloweza kumwambia jirani yake usoni, hufuga mbwa na kumpa mbwa neno hilo liwe jina. Jioni anasimama uani na kumwita mbwa wake kwa sauti, jirani anasikia, na hakuna kesi. Siku moja nilikuwa Kigera kwenye meza ya chanjo, najaza kadi.

"Jina la mbwa?" nikamuuliza mama aliyekuwa mbele.

"Mnanionea."

"Na wa kwako, mama?" nikamuuliza wa nyuma yake.

Yule wa nyuma akamtazama mwenzake kuanzia kilemba mpaka ndala. "Wangu anaitwa Jionee Mwenyewe."

Mbwa wenyewe, Mnanionea na Jionee Mwenyewe, walikuwa wamelala kivulini mgongo kwa mgongo. Hawakuwa na habari.

Sasa, Watasema alikuwa wa Mama Bwire, na hakuwa wa Mama Bwire. Hili ni somo la kwanza la kazi yetu, na hawakufundishi chuoni. Ukifika mtaani ukauliza, "Nani mwenye mbwa huyu?" kila mtu anatazama mawinguni. Wanadhani utawatoza, au utawashtaki kwa mbwa kuzurura. "Huyo si wangu, huwa anakujaga tu." Lakini mbwa huyohuyo akigongwa na pikipiki, wenye mbwa wanajitokeza wanne na wote wanalia. Kwa hiyo usiulize nani mwenye mbwa. Uliza nani anamlisha. Huyo ndiye atakayeweza kumshika, na mbwa akishikwa na mkono uliomzoea, sindano inaingia yeye bado anatikisa mkia.

Watasema hakuwahi kupata sindano hiyo. Kila tulipopita Nyasho, Mama Bwire alisema si wake, na mbwa akajua kutukwepa kuliko mdaiwa.

Asubuhi moja simu yangu ikalia. Alikuwa Mafuru, fundi viatu ambaye kibanda chake kimepakana na meza ya Mama Bwire.

"Mama Mbwa, shikamoo. Njoo na koleo, lile refu."

"Marahaba. Koleo la nini?"

"Watasema amekwamwa na mwiba wa sato. Mdomo haufungi tangu jana. Tumejaribu kwa mkono tumeshindwa."

"Nani amejaribu kwa mkono?"

"Mama Bwire, nani mwingine? Mkono umeingia mpaka hapa."

Akangoja nione "hapa" ni wapi kupitia simu.

Sikuchukua koleo. Nilichukua glovu nene, kamba, na mche wa sabuni.

Nikiwa nyuma ya bodaboda naelekea Nyasho, nilikuwa namkumbuka Mzee Wambura. Huyu ndiye aliyenilea kazini, pale Butiama, nilipokuwa kama wewe. Mwembamba, mpole, akivaa koti hata jua likiwa kali. Alianza kazi enzi ambazo njia ya kupunguza kichaa cha mbwa mijini ilikuwa vipande vya nyama yenye sumu. Mbwa walikufa asubuhi, na baada ya muda mfupi mtaa ulijaa mbwa wengine, wageni, waliokuja kula kwenye majalala yaliyoachwa wazi. "Tulikuwa tunafukuza tunaowajua ili tukaribishe tusiowajua," alikuwa akisema. Chanjo ilipoanza kupatikana kwa wingi alifurahi kama mtu aliyepata ajira upya. Akanieleza hesabu yake: ukiwachanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa njia ya kupita, maana kila ukigeuka unakutana na mbwa aliyekingwa. Kwa hiyo mbwa wa mtaani aliyechanjwa usimtamani afe. Yuko zamu.

Mzee Wambura ndiye aliyenifundisha pia habari ya mfupa. Kule Butiama, kwa wafugaji, mbwa akikaa mdomo wazi anadondosha mate, watu husema amekwamwa na mfupa wa ng'ombe. Huku ziwani wanasema mwiba wa sato. Kila mahali watu wanakisingizia chakula chao. Mtu mwema hukunja mkono wa shati, anauingiza mkono amsaidie. Ugonjwa wenyewe ndio umelegeza misuli ya taya na koo, mbwa hawezi kumeza hata mate yake, na mate hayo ndiyo yanayobeba ugonjwa.

"Nitatofautishaje, mzee?" nilimuuliza.

"Aliyekwamwa kweli hupapasa mdomo kwa mguu wa mbele, anahangaika kuutoa. Mwenye kichaa mara nyingi anaacha tu mdomo unaning'inia, anakutazama kama mtu aliyesahau alichokuja kusema."

"Kwa hiyo nikimwona anapapasa, natia mkono?"

Akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, nimesema 'mara nyingi'. Sikusema 'kila mara'. Wewe una mkono wa akiba?"

Nikafika gengeni. Watasema alikuwa amefungwa kwa kipande cha kanga kwenye mguu wa meza tupu, na watu wamemzunguka kila mmoja na tiba yake. Mmoja alishika tonge la ugali ili mbwa alimeze lisukume mwiba. Mwingine alisema ndizi ni bora kuliko ugali. Mbwa hakupapasa mdomo. Taya lilikuwa limelegea kama mlango uliong'oka bawaba, mate yamening'inia kama uzi, na alipojaribu kubweka ilitoka sauti ya kukwaruza isiyokuwa yake. Nikawaomba wote warudi nyuma. Nikawaambia polepole, maana watu wakishtushwa hukimbia, na mtu anayekimbia humwita mbwa nyuma yake.

Mama Bwire alikuwa mezani kwake anamalizia samaki wa mteja.

"Umeleta koleo, dada yangu?"

"Sikuleta. Umetia mkono kinywani mwa mbwa huyu?"

"Nimetia. Kwani ningemwacha? Vichwa vya sato anavyokulaga nampa mimi. Mwiba ukimkwama, si mwiba wangu?"

Siku ya chanjo hakuwa wake. Siku ya mwiba akawa wake. Sikumwambia hivyo, kuna ukweli unaoweza kungoja.

"Amekung'ata?"

"Watasema? Hawezi kuning'ata mimi." Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya watu. "Tazama. Jino liko wapi? Mafuru, wewe una macho ya kushonea, umeona jino?"

"Sijaliona," akasema Mafuru.

"Basi. Mtu hajang'atwa, anatafutiwa ugonjwa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, maana kicheko kikiwa cha wote mtu hafungi moyo. Lakini ndani sikuwa na kicheko. Mtu anayeamini hajang'atwa haendi hospitali. Utamsukuma, atakubali kwa mdomo, kisha ataingia kwa shoga yake kunywa chai.

Akampa mteja samaki wake. Halafu akafanya wanachofanya wapara samaki wote kuondoa shombo: akachukua nusu ya ndimu, akaisugua mikononi. Akavuta pumzi kwa meno.

"Nini?" nikamuuliza.

"Ndimu. Inachomaga kila siku, nimezoea."

"Inachoma wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na huku katikati ya vidole." Alikuwa ananionyesha bila kufikiri. "Sato ana miba ya mgongoni, dada. Mkono wa mpara samaki hauna siku unapona."

"Sawa. Sasa nionyeshe mate ya Watasema yalifika wapi."

Akainua kidole anionyeshe. Kikabaki hewani. Akaugeuza mkono taratibu, akautazama kiganja, akautazama mgongo wake, kisha akamtazama mbwa. Hata yule wa ndizi aliishusha ndizi yake.

"Mama Mbwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "mwiba ulikuwa kwangu."

"Ulikuwa kwako. Ila bado ni asubuhi. Lete ndoo."

Hapo ndipo sabuni ilipofanya kazi yake. Nilimkalisha, Mafuru akamwaga maji kwa kopo, na mimi nikamwambia Mama Bwire asugue, asuuze, apake tena, asuuze tena, kwa robo saa nzima. Robo saa ni ndefu kuliko unavyodhani. Mafuru alimaliza ndoo moja akaanza kulalamika, ya pili akaanza kuimba. Watu waliuliza, sabuni ya kufulia itafanya nini kwa ugonjwa mkubwa hivi? Nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe. Kidudu cha ugonjwa huu kimevaa koti la mafuta. Umeshaosha sufuria iliyokaangiwa sangara kwa maji matupu? Mafuta hayatoki. Tia sabuni, yanakimbia. Koti likivuliwa, kidudu kinakufa. Ndimu haifanyi hivyo. Nalisema hili wazi kwa kuwa nawajua: kuna mtu atakayetoka hapa na kusema Mama Mbwa anatibu kwa ndimu. Ndimu ilituonyesha tu michubuko ilipo.

Mara namwona Mafuru ameshika kisu chake cha kukatia soli, anamnyemelea mbwa.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nachukua manyoya kidogo. Kwetu tunachomaga manyoya ya mbwa mwenyewe, yale majivu unapaka kwenye kidonda. Babu yangu aling'atwa, wakampaka, akaishi mpaka akachoka."

"Mafuru, ukifika pale na hicho kisu, nitakuwa na wagonjwa wawili na sabuni moja. Rudi kwenye kopo lako."

Akarudi, amevunjika moyo kidogo, nikaona haya kumwacha hivyo. Nikamwambia: babu yako aling'atwa na mbwa mwenye hasira, hakuwa mwenye kichaa, na mbwa wa namna hiyo ndio wengi. Angepona hata mngempaka majivu ya gazeti. Majivu yakapewa sifa isiyo yao, na mtu mwingine, aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa kweli, akayaamini. Vijana, msiwacheke watu wa majivu. Wana ushahidi wao, ni babu mzima aliyeishi mpaka akachoka. Waonyesheni tu alipona kwa nini.

Tulimfungia Watasema kwenye kibanda kitupu, mimi nikiwa na glovu na kamba ndefu, hakuna mwingine aliyesogea. Kisha nikapanda na Mama Bwire kwenda hospitali. Sikumtuma. Nilimpeleka, na heri nilifanya hivyo. Tulipofika mbele ya dirisha, mhudumu akamuuliza ana tatizo gani, na Mama Bwire akajibu kwa adabu zote, "Mimi nimemsindikiza huyu mama wa mbwa."

"Mama Bwire."

"Haya basi. Nimemtia mbwa mkono mdomoni. Mnicheke mmalize."

Hakuna aliyecheka. Alichomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo, akapewa kadi yenye siku za kurudi.

Watasema alikufa kabla ya siku ya tatu. Wataalamu tukachukua kichwa chake, kikafungwa vizuri, kikawekwa kwenye kisanduku cha barafu kupelekwa maabara. Kazi hiyo usiifanye wewe mwenyewe kama hukufundishwa; piga simu kwa afisa mifugo. Na ukibeba kisanduku cha barafu mtaani, jiandae. Watoto wa Nyasho walinifuata mpaka kituoni wakitaka barafu za ukwaju. "Ni za ladha gani, Mama Mbwa?" Nikawaambia zimekwisha.

Unaweza kudhani hadithi imeisha hapo. Mama Bwire naye alidhani hivyo, na hapo ndipo nilipokaribia kumpoteza mara ya pili.

Mbwa alipokufa, yeye aliona mambo yamefungwa. Mgonjwa amekufa, mikono imeoshwa, sindano imechomwa, hana homa, anakula vizuri. Akafunga meza akaenda Guta, kule Bunda, kumsaidia dada yake kuvuna mahindi. Kadi akaiacha nyumbani, juu ya kabati, mahali salama kabisa. Nilipopita gengeni Mafuru akaniambia, "Amepona huyo, Mama Mbwa. Ameenda kula mahindi mabichi." Siku ya sindano iliyofuata ilikuwa kesho yake.

Bahati nzuri kesho yake nilikuwa na kazi hukohuko Guta. Wenzangu walitaka twende Jumamosi, nikawakatalia. Hilo nalo liandike: kanda hii ina Wasabato wengi. Tuliwahi kupanga chanjo Jumamosi kijiji kimoja cha ziwani, tukakuta mbwa peke yao ndio wako nyumbani, wanatubwekea kutoka kila boma, na wenyewe wako kanisani wanaimba. Uliza siku ya ibada na siku ya gulio kabla hujapanga lolote.

Guta tulikuwa na shida ya mbwa wa jalalani, wale wasio na mtu wa kuwashika. Kamba hawazikubali, na ukimkimbiza mmoja wote wanayeyuka. Njia yetu ilikuwa wavu mpana, watu wanatembea nao taratibu kutoka pande mbili mpaka mbwa wanabaki katikati. Wavu wa ofisi ulikuwa umechanika. Nikaambiwa mvuvi mmoja, Magesa, ana kokoro la zamani. Kokoro, kwa asiyejua, ni wavu mrefu wa kukokota mpaka ufukweni, unaozoa samaki wakubwa kwa wadogo, na umepigwa marufuku.

Nikabisha hodi nikiwa na buti za serikali na gari la serikali nyuma yangu.

"Shikamoo mama," akasema Magesa.

"Marahaba. Nimesikia una kokoro."

"Sina."

"La zamani tu."

"Sijawahi kuwa nalo. Hata baba yangu hakuwahi kuwa nalo. Sisi tunalimaga tu."

"Mimi si wa samaki, mwanangu. Mimi ni wa mbwa."

"Hata mbwa sina."

Mbwa wawili walikuwa wamelala mlangoni pake. Kabla sijajibu, sauti ikatoka uani, nyuma ya gunia la mahindi.

"Magesa, mtolee dada yangu huo wavu. Si jana umeanikia mahindi juu yake?"

Alikuwa Mama Bwire. Magesa ndiye mume wa dada yake. Alitoka akipangusa mikono kwenye kanga, anacheka, na aliponiona vizuri akaacha kucheka.

"Leo ni tarehe ngapi?" akauliza.

"Unaijua."

"Dada, mimi nimepona."

"Hujaumwa bado. Kaa hapa kidogo."

Tukakaa juu ya magunia. Nikamweleza hivi, na ndivyo ninavyowaeleza watu wote, kwa hiyo uchukue bure. Kidudu cha ugonjwa huu hakipiti kwenye damu kama malaria. Kinaingia kwenye mshipa wa fahamu pale kidoleni na kutembea kwa miguu kwenda kwenye ubongo, taratibu, kama mtu aliyetoka Guta kwenda Musoma mjini kwa miguu. Safari yake inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Njiani huko huhisi chochote. Unakula mahindi. Sindano zinaujenga mwili upate nguvu ya kukifuata na kukikamata kabla hakijafika. Moja haitoshi, kila moja inauongezea mwili mwendo. Kikifika mjini, yaani kwenye ubongo, milango yote imefungwa, na hakuna dawa hospitali yoyote.

"Umeshamwona mtu aliyefikiwa?" akaniuliza.

"Nimemwona."

"Anakuwaje?"

"Alikuwa na kiu, na alikuwa anakiogopa kikombe cha maji."

Sikuongeza neno, na hapa pia siongezi. Mama Bwire alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Magesa, lete wavu haraka wamalize. Nina safari."

Magesa akaingia ndani, akatoka na kokoro begani. "Nimeliokota sasa hivi," akatuambia.

Ningependa mngeona wavuvi wa Guta wakivua mbwa nchi kavu. Walijipanga pande mbili za jalala kama wako majini, Magesa akiongoza, wakikokota polepole na wimbo wao wa kazi, na mbwa waliowashinda mbio watumishi wote wa Bunda wakajikuta katikati hawaelewi kimetokea nini. Walinaswa pia mbuzi wa jirani na mzee aliyekuwa anapita na baiskeli. Mzee alikataa katakata kuchanjwa. Mbwa tuliwachoma wote, na watoto wao pia. Usimwache mtoto wa mbwa kwa sababu ni mdogo. Naye hung'ata, na ndiye watoto wa watu wanayemkumbatia. Kila aliyechanjwa tulimpaka alama ya rangi mgongoni, tukamfungulia aende zake.

Wenzangu wakamalizia kukunja wavu. Mimi na Mama Bwire tukapanda gari kwenda Bunda mjini. Kadi ilikuwa Musoma juu ya kabati, nikapiga simu kwa Mafuru, akaenda na ufunguo alioachiwa, akaisoma herufi kwa herufi kupitia simu, akiwa anajisikia daktari. Mama Bwire akachomwa siku ileile iliyotakiwa. Zilizofuata hakuzikosa. Alinipigia yeye kunikumbusha mimi.

Majibu ya maabara yalikuja Mama Bwire akiwa amekwisha kupata sindano kadhaa: Watasema alikuwa na kichaa. Watu wa gengeni waliniuliza, kama yangekuja kusema hana, je, sindano zile si zingekuwa za bure? Nikawaambia, nguo ya mvua uliyobeba na mvua isinyeshe, umeibeba bure? Usingoje majibu. Anza sindano, majibu yatakukuta njiani.

Nimestaafu sasa, na nikipita Nyasho kununua samaki, Mama Bwire yuko pale pale, anapara, anasema. Chini ya meza kuna mbwa mpya, mweusi, ana kadi ya chanjo iliyobandikwa ukutani kwenye kibanda cha Mafuru, na akiulizwa ni wa nani Mama Bwire anajibu kabla swali halijaisha. Anaitwa Walisema. Kando ya meza kuna ndoo yenye bomba, na kwenye mpini wake kimefungwa kwa kamba kipande cha sabuni ya mche. Juzi mteja mgeni alitaka kunawa shombo kwa sabuni hiyo, Mama Bwire akamsukumia ndimu.

"Hiyo sabuni ni ya kazi nyingine," akamwambia. "Niulize nikusimulie."

Basi nami nakuachia maneno haya, kama yeye alivyoachiwa. Mbwa akiwa mdomo wazi anadondosha mate, usitie mkono, hata kama samaki aliyemla umempa wewe. Mfungie bila kumgusa, umwite afisa mifugo. Na kama mate yake yamekwisha kukugusa penye mchubuko, au jino limekupitia hata bila damu, fungua maji sasa hivi, sugua kwa sabuni robo saa, kisha nenda hospitali leo hii, useme kwa sauti dirishani kwamba mgonjwa ni wewe, na urudi kila siku iliyoandikwa kwenye kadi.